Nyuzi Arobaini na Moja Nukta Sita

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hajanywa chai, fundi wa mashine aliulaza mpira wa maji ya moto wa mkewe juu ya meza ya jikoni, akauwekea kipimajoto, akahesabu dakika mbili, kisha akaandika kwenye daftari kama kawaida yake. Mpira wenyewe haukuwa na makuu. Ulikuwa ule mwekundu wa dukani, wa kukandia tumbo, wenye kizibo cha plastiki na mistari ya kuzuia usiteleze mkononi. Mkewe aliujaza maji ya birika asubuhi ya siku aliyokwenda hospitali. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, na maji hayajabadilishwa. Daftari lilisema nyuzi arobaini na moja nukta sita, ukurasa baada ya ukurasa, siku za mvua na siku za jua, na Jumatatu hiyo nayo akaandika nyuzi arobaini na moja nukta sita. Akafunga daftari, akamimina chai.

Hospitalini walimwita Digrii, na si kwa sababu ya shahada, maana alikuwa na cheti cha ufundi tu na mikono isiyotetemeka. Walimwita hivyo kwa ubishi wake. Ukimwambia chumba kina nyuzi ishirini na mbili, atakwambia ni ishirini na moja nukta nane, na hakuachii uende zako mpaka ukubali. Kazi yake ilikuwa kuitunza mashine ya MRI, ile ya sumaku yenye tundu ambamo mtu anaingizwa mzima mzima. Pale kwao haikuwa ya kupiga picha tu. Waliitumia kutibu uvimbe wa kizazi bila kisu: mawimbi ya sauti yanakusanywa mahali pamoja ndani ya tumbo, yanauchemsha uvimbe mpaka unakufa, na mashine inapiga picha kila baada ya sekunde tatu ili kuonyesha joto limefikia wapi. Mgonjwa anatoka kwa miguu yake na jioni anakula kwake. Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa mapokezi.

Sasa, mashine hiyo ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui. Joto haijui, inajua tofauti tu. Inapiga picha ya kwanza kabla ya kupasha chochote, inaiita ya msingi, na kila picha inayofuata inalinganishwa na hiyo: hapa pameongezeka nyuzi tatu, pale nyuzi ishirini. Sumaku ikiwa ndiyo kwanza imeamshwa huwa inayumba, na mashine, maskini, haiwezi kujua kwamba imeyumba yenyewe. Inahesabu kana kwamba ni mgonjwa aliyepoa au kupata moto. Ndiyo maana kanuni inataka iwashwe saa nzima kabla ya mgonjwa wa kwanza, na chupa ya jeli iwekwe ubavuni mwake, na mwendeshaji aitie alama kwenye skrini. Jeli haipashwi na mtu. Skrini ikidai jeli imepoa nyuzi nne, unajua mashine imepungukiwa nyuzi nne, unaziongeza, mnaendelea. Ni hesabu ya darasa la pili. Lakini saa nzima ya kuwasha ilifutwa mwaka ambao hospitali iliamua kutibu wagonjwa wanane kwa siku badala ya watano, na kutia alama chupa ya jeli kulichukua dakika sita ambazo hakuna aliyekuwa nazo.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa kwanza asubuhi ile. Alikuwa mshonaji, na uvimbe ulikuwa umemtesa miaka miwili, mpaka akawa anashona na mpira wa maji ya moto ameufunga tumboni kwa taulo. Kwa kuwa ni mke wake, kanuni ilimkataza Digrii kuingia chumba cha mashine, na kwa kanuni Digrii hana dogo, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la ukumbini. Alishika mfuko wa plastiki wenye ndala za mkewe, vibanio vya nywele na pete, maana chuma hakiruhusiwi kuingia mle. Mpira hauna chuma, ukaruhusiwa. Baada ya saa moja na nusu mkewe alitolewa, akavaa ndala, akasema ana kiu. Siku ya tisa alifariki. Utumbo uliopakana na uvimbe ulikuwa umeungua.

Hospitali ina fomu ya matukio kama hayo. Kuna visanduku vitatu. Cha kwanza kinasema: mgonjwa alisogea. Cha pili: hitilafu ya umeme. Cha tatu: nyingine, na ukiweka alama hapo unatakiwa uambatishe maelezo ya kurasa mbili na sahihi za watu wanne. Mwendesha mashine wa zamu, aliyeitwa Chapuchapu kwa sababu zilizo wazi, aliweka alama kwenye cha kwanza. Kamati ilikaa, ikasoma, ikaafiki. Mgonjwa alisogea. Akisogea, picha zinachanganyikiwa na joto linakwenda lisikotumwa, jambo ambalo ni kweli kabisa pale ambapo mgonjwa amesogea.

Digrii aliweza kuvumilia mengi. Kufa alikuwa ameshakubali kwamba watu hufa. Neno hilo moja, alisogea, ndilo lililomkaa kooni. Mkewe alikuwa mtu wa kukaa saa nne juu ya kigoda, jicho kwenye sindano, hata kope hazichezi. Wateja waliokuja kupimwa nguo walidhani wamemkuta amelala. Na sasa serikali yote, kwa jinsi alivyoliona jambo hilo, ilikuwa imeandika na kugonga muhuri kwamba mwanamke huyo aliambiwa atulie akashindwa, akajiua mwenyewe kwa kutotulia. Alitaka neno hilo lifutwe. Hakutaka kingine, na alikuwa amekwisha waandikia barua kumi na moja.

Mama mkwe wake naye hakulimeza. Alikuwa amehamia kwa Digrii wiki ya msiba na hakuondoka tena, na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini. Ukutani sebuleni alitundika picha ya studio aliyopigwa marehemu akiwa na miaka mitano, pamoja na ndugu zake wanne. Wale wanne wametoka ukungu mtupu, huyu ana vichwa viwili, yule hana mkono. Marehemu ametoka safi, nyusi kwa nyusi, na juu ya pua yake kuna inzi ametua. Kila mgeni aliyeingia mle alionyeshwa inzi huyo kabla hajaonyeshwa kiti.

Kuhusu mpira kutopoa, halikuwa jambo la kuzungumzwa sana. Wiki ya kwanza walidhani labda ni aina mpya. Mwezi wa pili mama mkwe akaanza kukandia magoti yake jioni, na mkwewe akawa anauchukua saa ya kulala na kuuweka upande wa pili wa kitanda, pale ulipo mto wa mkewe. Jirani wa mlango wa pili aliwahi kuuazima siku ishirini na moja, akaukunjia taulo mara mbili na kuuatamishia mayai sita. Vikatoka vifaranga sita, akaurudisha pamoja na shukrani. Mtu akiuliza siri yake, mama mkwe alijibu kwamba mwenyewe bado hajaujia, basi.

Jumatatu hiyo ndipo wakaguzi walipofika hospitalini. Walikaa siku mbili, wakapima wanavyojua wao, wakaandika kwamba mashine inakosea joto kwa nyuzi mpaka tisa, hasa asubuhi. Walitoa wiki sita. Makosa yasiposhuka chini ya nyuzi moja, matibabu ya uvimbe yasimame. Mkuu wa idara, daktari wa kike aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alimwita Digrii na kumpa kazi hiyo. Digrii aliuliza kama saa ya kuwasha mashine inaweza kurudi. Mkuu alimwambia aombe kitu kingine.

Alianza na jeli. Jeli ilikuwa nzuri ila kiyoyozi cha chumba kilikuwa kibovu, chumba kikipata joto nayo inapata, na kipimio kinachobadilika si kipimio. Alijaribu maji ya chumvi, akajaribu yai la kuchemsha ndani ya pamba, akajaribu paja lake mwenyewe. Vyote vilipanda na kushuka kadiri vilivyotaka. Alichohitaji ni kitu chenye maji ndani, kisicho na chuma, chenye joto linalojulikana, lisilobadilika kamwe. Alimweleza mama mkwe hayo yote wakila chakula cha jioni, kwa kirefu, kama alivyokuwa akimweleza mkewe zamani. Bibi alitafuna mpaka akamaliza.

"Si uupeleke ule mpira," alisema.

Wazo hilo lilikuwa limemjia wiki ya kwanza kabisa, akalifukuza. Mpira ulikuwa ndicho kitu pekee duniani ambacho bado kilikuwa na joto kutoka kwenye mikono ya mkewe. Yeye ndiye aliyechemsha birika, yeye ndiye aliyekaza kizibo. Usiku akinyoosha mkono upande ule alikuta uvuguvugu, na kwa sekunde mbili tatu za usingizi mambo yalikuwa kama zamani. Alizitaka sekunde hizo. Alizitaka kuliko chakula, na hakuona aibu kumwambia hivyo mama yake mkwe.

Bibi alisema anajua. Akasema pia kwamba yeye ana magoti yanayomuuma na bado yuko tayari kuuachia. Asubuhi akaufunga kwenye taulo safi, akampa.

Mpira ulifanya kazi siku ya kwanza. Waliuweka ubavuni mwa mgonjwa, Digrii akautia alama kwenye skrini, na kila mara mashine ilipodai umepoa, kompyuta ilijua ni uongo na kujisahihisha. Kosa likashuka mpaka nukta nne ya nyuzi moja. Hakuna mtu chumbani aliyesema lolote isipokuwa muuguzi, aliyetaka kujua unauzwa duka gani. Jioni Digrii aliufunga kwenye taulo, akarudi nao nyumbani.

Baada ya siku nne mkuu wa idara alisema vyema, sasa ijaribiwe njia hiyo kwenye faili za zamani, waone ni wapi mashine iliwahi kuwadanganya. Hapo pana ugumu, Digrii alieleza, maana njia inahitaji mpira uwemo pichani, na katika faili za zamani haumo. Alisema hivyo kisha akasimama pale mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kulikuwa na faili moja ambamo ulikuwemo. Miaka mitatu alikuwa hajalifungua.

Alilifungua siku ya Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, chumba kikiwa kitupu. Picha zilikuwa elfu moja na mia nane. Katikati palionekana tumbo la mkewe, kwa ndani, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kupaona. Pembeni kabisa, ukingoni mwa kila picha, palionekana mstari mweupe wenye mikunjo midogo: mpira. Alipitisha picha zote kwa zamu, moja moja, akala mkate kwa mkono wa kushoto. Ukingo wa paja na ukingo wa mpira vilikuwa palepale kwenye picha ya kwanza, palepale kwenye ya mia tisa, palepale kwenye ya mwisho, vikali kama vilivyokatwa kwa mkasi. Hakuwa amesogea hata unene wa uzi. Na kwenye kona mashine ilikuwa imeandika, picha baada ya picha, kwamba mpira unapoa: nyuzi moja, tatu, sita, mwishoni nyuzi tisa nukta moja.

Hesabu ni ileile ya darasa la pili. Kama mpira haukupoa, mashine ilipungukiwa nyuzi tisa. Ilipomwambia Chapuchapu kwamba utumbo una nyuzi arobaini na moja, ulikuwa na hamsini. Aliyeyumba ni sumaku. Digrii aliandika hayo kwenye ukurasa mmoja, akakunja karatasi, akafuta makombo ya mkate mezani.

Digrii alimkuta Chapuchapu kwenye chumba cha chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa wagonjwa wanane na muda wa watano, na tangu msiba ule alikuwa akimwachia Digrii kiti cha dirishani bila kuambiwa. Digrii alimwekea karatasi mbele, akamuuliza jambo moja tu: alipomtoa mama yule kwenye tundu, mpira ulikuwaje?

Chapuchapu alikoroga chai yake muda mrefu, na sukari hakuwa ametia.

"Ulikuwa wa moto," alisema mwishowe. "Moto uleule. Nikamwambia, mama, huu wako haupoi? Akacheka. Maana kabla sijamwingiza aliupigapiga hivi, akauambia, 'Usipoe wewe, tunarudi wote.' Nikadhani mzaha."

Maneno hayo Digrii hakuwa ameyasikia. Alikuwa ukumbini na mfuko wa ndala. Miaka mitatu alikuwa akimtafuta mkewe kwa kipimajoto kila asubuhi, na kumbe kulikuwa na maneno, na maneno yalikuwa na mtu huyu, kiti cha pili kutoka dirishani. Ilibidi aliangalie kopo la sukari mpaka macho yakauke. Hamu ya kuisikia sauti yenyewe ilimjia, akangoja ipite, haikupita, akaamua kuendelea nayo.

Alimuuliza kama ataandika hivyo.

"Kaka, nina watatu wanasoma," Chapuchapu alisema. "Nikiandika hivyo, nimemwaga unga."

Kikao kilifanyika Jumanne. Mkuu wa idara alisoma ukurasa wa Digrii mara mbili, kwa miwani ya kwanza kisha kwa ya pili. Akaomba auone mpira. Aliushika, akaupima kwa kiganja, akaupeleka hata shavuni, akautuliza hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika kitaalamu.

"Mpira wa maji ya moto hupoa," alisema.

"Huu haupoi, Dokta."

"Leo haupoi. Naamini, ninaushika. Lakini siku ile? Nani anajua kama haukupoa siku ile, ukaanza kutopoa baadaye?"

Lilikuwa swali halali. Digrii mwenyewe, kama fundi, angeuliza hivyohivyo. Wote wakamgeukia Chapuchapu, naye akaangalia mikono yake, akasema ni zamani, hakumbuki. Kuhusu ukingo wa paja kutosogea, mkuu alikiri kwamba kweli haukusogea. Lakini fomu haikusema ni wapi aliposogea, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hakusogea mahali pasipoonekana. Zaidi ya hapo fomu imekwisha fungwa, na fomu iliyofungwa hufunguliwa na kamati iliyoifunga, na wajumbe wawili wa kamati hiyo wamestaafu. Alisema hayo kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli. Kisha akauliza kwa nini kifaa kizuri namna hiyo hakijasajiliwa.

Digrii alisema mpira utasajiliwa neno litakapofutwa.

Akauchukua, akaufunga kwenye taulo, akaenda nao nyumbani saa tisa alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akasikiliza, akasema safi, hapo umewaweza. Jioni walikaa chini ya picha ya inzi, bibi na mpira magotini, Digrii na karatasi yake, wakiwa wamewasusia watu wa hospitali. Ilikuwa jioni nzuri. Walimtaja marehemu sana, na kwa mara ya kwanza wakacheka, kwa sababu Digrii alimwambia bibi maneno yale ya "tunarudi wote", na bibi akasema ndivyo alivyokuwa, hata sufuria alikuwa akiipa maagizo.

Asubuhi ya pili alifika kazini saa moja. Mashine ilikuwa ndiyo kwanza inawashwa. Kwenye ubao palikuwa na majina manane. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameshavalishwa gauni la hospitali, amekaa wima na mikono juu ya tumbo. Kwenye benchi la ukumbini, mahali palepale, alikaa mume wake. Alishika mfuko wa plastiki. Ndani yake palionekana viatu, hereni na saa ya mkononi. Alimsalimia Digrii kwa heshima, akamuuliza kama yeye ndiye fundi, na kama mashine ni nzima.

Digrii alimwambia ni nzima. Akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu, dakika ishirini na tano, akamkuta mama mkwe amekaa jikoni. Mpira ulikuwa mezani, umekwisha fungwa kwenye taulo.

"Wameweka wa kwanza?" bibi aliuliza.

"Mwalimu. Mume yuko benchini."

Bibi aliushikashika mpira, akatafuta pa kulikunja taulo vizuri zaidi, hapakuwepo. "Mwambie asipoe," alisema, na haikueleweka kama alimaanisha mpira au mwalimu. Digrii hakuuliza.

Mwalimu alichelewa kuanza kwa saa moja na dakika tano, na mashine ilipungukiwa nyuzi nne tu, ambazo zote zilirudishwa. Alitoka kwa miguu yake, akavaa hereni zake akisaidiwa na mumewe, wakaondoka wamekamatana mikono. Digrii aliwatazama mpaka wakaishia mlangoni. Aliwaonea wivu, wivu wa wazi kabisa, kisha akarudi kazini.

Mpira ulisajiliwa wiki hiyohiyo. Ulipewa namba ya mali na kibandiko, na kwa sababu mali ya hospitali haitoki nje ya geti, kabati lake likawekwa ndani ya chumba cha mashine. Wakaguzi waliporudi walikuta kosa la nukta nne, wakapongeza. Mkuu wa idara alisoma mada kuhusu kipimio hicho kwenye mkutano wa madaktari, akapigiwa makofi, akaulizwa maswali mengi na hakuna hata moja lililohusu kwa nini hakipoi. Tangu hapo hakuna aliyeungua. Wagonjwa ni wanane kwa siku kama zamani, na saa ya kuwasha mashine haikurudi, kwa kuwa sasa haihitajiki.

Mama mkwe alipewa kadi ya kliniki. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi anakuja na kadi yake, anakaa foleni na wagonjwa wengine, na zamu yake ikifika muuguzi anamletea mpira benchini, anasaini, anaupakata dakika kumi na tano. Kwenye kadi sehemu ya ugonjwa wameandika magoti. Akimaliza anaukabidhi, anasaini tena, anaagana na kila mtu kwa cheo chake.

Kanuni mpya iliongezwa, nayo iliandikwa na Digrii mwenyewe. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ijaribiwe kwa mtu mzima mwenye afya, dakika kumi na moja, na mpira ubavuni. Hakuna aliyegombea kazi hiyo, kwa hiyo ni yake. Saa moja kasorobo anavua viatu, mkanda na pete, anavitia kwenye mfuko wa plastiki, anautundika kwenye kitasa. Analala kifudifudi pale mkewe alipolala. Chapuchapu anamwekea mpira ubavuni, kando ya paja, anaulaza vizuri, anatoka, anafunga mlango. Kitanda kinaingia tunduni. Sumaku inaanza kugonga, na joto linapenya kwenye suruali polepole, arobaini na moja nukta sita, mkono wa mtu ambaye amesema anarudi. Digrii anafumba macho. Nyumbani upande wa pili wa kitanda sasa ni wa baridi, lakini hapa ana dakika kumi na moja, na zamani alikuwa akipata sekunde mbili tatu.

Kwenye spika Chapuchapu anasema asisogee. Digrii hasogei.

Dakika zikiisha, fomu ya majaribio inataka mtu aulizwe.

"Umesogea?"

"Sijasogea."

Hapo ingetosha. Lakini Chapuchapu, mtu asiyekuwa na dakika sita, hupitisha picha zote moja moja kila asubuhi mpaka ya mwisho, akiangalia ukingo wa paja na ukingo wa mpira. Kisha anachukua kalamu na kuandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: HAKUSOGEA. Anamsomea Digrii kwa sauti kwenye spika, ingawa kanuni haisemi hivyo. Fomu za majaribio zinakaa kabatini siku thelathini, halafu zinachanwa. Fomu za wagonjwa hazichanwi. Faili la mshonaji liko rafu ya tatu, limefungwa kwa utepe, na ndani yake alisogea.